Mafuta ya maganda ya chungwa na limao nyumbani: hatua kwa hatua, hasa kwa nyumba inayonuka dagaa

Nimeulizwa jambo hili moja mara nyingi mpaka nimeamua kuliandika lote. Mtu ananunua kichupa chake cha mafuta ya chungwa, anajaza maji kwenye chupa ya kupulizia, anadondosha matone kumi na tano, anatikisa, anapulizia jikoni. Nusu saa baadaye dagaa wanarudi kunuka kama hakuna kilichotokea, sakafu ina vidoa vya mafuta, na chupa yenyewe mdomo umeanza kupasuka. Anasema kauziwa feki. Mara nyingi sio feki, shida ipo kwenye namna ya kuyatumia.

Naandika nikiwa Kigoma, kwa hiyo mifano yangu ni ya huku: dagaa, migebuka, mawese, na ndoo ambazo hata uzioshe vipi zinabaki na rangi ya chungwa. Hata kama upo Tabora au kwingine, hatua ni zilezile.

Ninaposema mafuta hapa namaanisha mafuta tete, yale makali ya kwenye kichupa cha mililita 10 hivi, yanayokamuliwa kwenye maganda. Sio mafuta ya kupaka yenye harufu ya limao wala pafyumu ya gari.

## Andaa hivi kwanza

- Kichupa cha mafuta tete ya chungwa au limao. Mililita 10 zinatosha kabisa, zina matone kama 200.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, yoyote ile.
- Ndimu au limao bichi mbili tatu, au siki nyeupe. Usiruke hii, nitakwambia kwa nini.
- Maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita.
- Chupa ya kupulizia. Ya kioo ni bora, ukikosa chukua ya plastiki laini inayobonyea ukiiminya. Ile ngumu inayong'aa kama kioo iache dukani.
- Kikombe kidogo cha kioo au cha udongo cha kuchanganyia. Kikombe cha plastiki hapana.
- Matambara mawili, sponji, glavu.
- Mafuta ya kula kijiko kimoja, kama una vyombo vya mawese.

Ukiwa na bomba la sindano jipya lisilo na sindano, lile la mililita 2, kupima kunakuwa rahisi. Mililita moja ni kama matone 20. Ila pima utoe hapohapo, usiyaache yakae humo, ule mpira wa ndani unavimba na bomba linakwama.

## Hatua ya 1: Hakikisha una kitu chenyewe

Soma lebo. Ya chungwa iwe na jina la mmea, Citrus sinensis, na ya limao Citrus limon. Ikiandikwa tu "harufu ya chungwa" au "pafyumu", hayo ni manukato ya kutengenezwa, yatanukia vizuri lakini hayatang'oa mafuta wala gundi.

Halafu dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, acha mpaka kesho. Mafuta tete yataruka yenyewe yabaki na alama hafifu ya njano au yasibaki na kitu. Ukikuta duara linalong'aa kama karatasi ya kufungia maandazi, yamechanganywa na mafuta ya kula.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni lile la kifungashio cheupe cha chipsi, kile chepesi kinachovunjika kama mkate mkavu. Dondoshea tone moja la mafuta ya chungwa. Yakiwa halisi kifungashio kitaanza kuyeyuka na kutoboka mbele ya macho yako. Kinachofanya hivyo ni limoneni, ndio sehemu kubwa ya mafuta ya chungwa, inazidi asilimia 90, kwenye limao ni pungufu, kama asilimia 60 hadi 75. Ukishaona kifungashio kinavyotoboka hutahitaji kuambiwa mara mbili kwa nini hatuyaweki kwenye plastiki ngumu. Mimi niliambiwa sikusikia, nikamimina matone juu ya meza ya plastiki ya mama mkwe nitoe alama ya kalamu, alama ilitoka na uso wa meza ukatoka nao.

Ukifanikiwa utaona: karatasi imekauka, na harufu ni ya ganda lililotoka kumenywa sasa hivi, kali kidogo puani. Ikinuka kama tapentaini ya mafundi rangi, yameshazeeka, soma hatua ya 7.

## Hatua ya 2: Ua harufu kwanza, mafuta baadaye

Hapa ndipo wengi wanapofeli, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Watu wanadhani mafuta ya limao ni limao lililokolezwa. Sio kweli. Ule uchachu wa limao upo kwenye maji yake ya ndani, ndiyo yenye asidi. Mafuta yanatoka kwenye ganda na hayana ule uchachu. Sasa harufu ya samaki kwa sehemu kubwa inaletwa na kemikali za jamii ya amini zinazotokea samaki akianza kuchacha, na hizo amini zinashindwa na asidi. Asidi ikizigusa zinageuka kuwa aina ya chumvi, haziruki tena hewani, zinaondoka na maji. Mafuta tete hayafanyi hivyo, yanaziba pua yako kwa dakika ishirini tu, yakisharuka samaki anabaki peke yake uwanjani.

Bibi zetu walipokuwa wanakamulia ndimu kwenye samaki na kusugulia ubao walikuwa sahihi kabisa. Hiyo kazi mwachie ndimu.

Kwa ndoo au dumu lililokuwa na dagaa:

1. Kung'uta mabaki yote, pitisha kijiti kwenye kingo na chini ya mfuniko. Magamba na vichwa vidogo vinajificha hapo.
2. Osha kwa maji ya baridi na sabuni kwanza. Maji ya moto mwanzoni yanapika utelezi wa samaki unagandia.
3. Kamulia ndimu mbili kwenye kikombe cha maji, au tumia siki nusu na maji nusu, pakaza kote, acha dakika 15.
4. Suuza, sasa maji ya moto na sabuni ruksa.
5. Anika wazi, mfuniko pembeni.

Onyo: ukishashika ndimu au limao, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka juani. Kuna kitu kwenye maganda yake ambacho kikipigwa na jua kwenye ngozi kinaunguza, unapata malengelenge au mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi. Mafuta ya limao na ndimu ya kukamua yana shida hiyohiyo, ya chungwa tamu yana nafuu kubwa. Kama kazi yako ni kuanika dagaa kwenye mchanga kule Kibirizi au Katonga, jua lote la mchana lako, tumia mafuta ya chungwa na vaa glavu.

Ukifanikiwa utaona: chombo kikikauka ukiingiza pua ndani hakuna kitu, au kuna harufu ya mbali sana. Kama bado kinanuka rudia ndimu. Usiende hatua ya 3 kwa kujipa moyo kwamba mafuta yatamalizia.

## Hatua ya 3: Vyombo vya mawese

Hii weka kando kama hupiki mawese, lakini Kigoma nani hapiki.

Wekundu wa mawese ni karotini, na karotini inapenda mafuta, haijali maji. Ndiyo maana unasugua na stilwaya mpaka plastiki inakwaruzika na rangi ipo palepale, tena mikwaruzo inaipa mahali pa kukaa.

Fanya hivi. Pakaza kijiko cha mafuta ya kula mepesi kwenye doa, sugua na tambara kavu. Utaona tambara linageuka la chungwa, hiyo ni karotini inahama. Futa. Halafu changanya kijiko kikubwa kimoja cha sabuni ya maji na matone matano ya mafuta tete ya chungwa, sugua, acha dakika mbili tu, suuza na maji ya moto. Zaidi ya hapo plastiki inaweza kuanza kuwa nata. Jaribu kwanza upande wa chini wa chombo.

Kivuli cha rangi kitakachobaki kipeleke juani, siku moja mbili. Jua linaivunja karotini lenyewe bila gharama. Mimi bakuli langu jeupe nilishalitoa kuwa la kuku, siku mbili juu ya bati likarudi mezani.

Chombo cha chakula kioshe tena mara moja kwa sabuni tupu kisiache ladha. Wali wenye ladha ya ganda la chungwa sikushauri.

## Hatua ya 4: Changanya vizuri

Mafuta na maji hayaelewani, hilo kila mtu anajua, lakini akishika kichupa anasahau. Mafuta ya chungwa ni mepesi kuliko maji, yanaelea. Ukitikisa yanatawanyika kidogo, ukiweka chini yanapanda juu. Matokeo yake unapulizia maji matupu wiki nzima, halafu siku ya mwisho chupa ikikaribia kuisha unapulizia mafuta makali ukutani na kwenye kochi.

Dawa yake ni sabuni, na utaratibu ni muhimu kuliko kipimo:

1. Weka sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe cha kioo.
2. Dondosha matone 20 ya mafuta juu ya sabuni. Maji bado!
3. Koroga taratibu dakika nzima mpaka usione tena macho ya mafuta yanayoogelea.
4. Ongeza maji kidogokidogo, vijiko vitatu vinne, unakoroga.
5. Mimina kwenye chupa, ongezea maji mpaka nusu lita, geuza chupa juu chini mara kadhaa. Ukitikisa kwa nguvu itajaa povu.

Kuna mtu atauliza akiweka matone 60 si itanukia mara tatu? Itanukia mara tatu kwa robo saa, itaacha utelezi kila mahali, na kichwa kitakuuma. Harufu ya machungwa ni nyepesi kwa asili yake, ndiyo ya kwanza kuruka, hata zile za bei kubwa. Ukitaka nyumba inukie kutwa nzima tafuta mchaichai au udi, usiyasingizie haya.

Andika tarehe kwenye chupa kwa kipande cha plasta. Tumia ndani ya wiki moja, hakuna kitu humo cha kuzuia maji yasioze.

Ukifanikiwa utaona: maji meupe ya ukungu kama ya kuoshea mchele, hata ukiacha saa moja hakuna pete ya mafuta juu. Pete ikitokea ongeza sabuni nusu kijiko.

## Hatua ya 5: Sehemu za kutumia

Kabati, meza ya jikoni, vigae karibu na jiko. Puliza, subiri dakika mbili, futa na tambara lenye maji, futa tena na kavu. Mafuta ya kukaangia yaliyogandia yanalegea. Mbao zilizopakwa vanishi jaribu pembeni kwanza.

Friji. Hapa sikiliza. Ule ukuta mweupe wa ndani kwenye friji nyingi ni ndugu yake kile kifungashio cha chipsi, umegandamizwa tu ukawa mgumu. Usidondoshe mafuta yenyewe humo kamwe, wala usiweke pamba yenye matone kwenye rafu. Toa chakula, futa na mchanganyiko wa hatua ya 4, halafu haraka maji matupu. Usisahau trei ya maji kule nyuma karibu na mota, watu wanasugua friji juu chini na uvundo umekaa kule.

Sakafu. Ndoo ya lita 10, matone 10 yakikorogwa kwanza kwenye sabuni vijiko viwili vya chai. Piga deki, halafu pitisha maji safi, hasa kama una vigae. Nilipoanza nilidondosha moja kwa moja kwenye ndoo na nikaona raha nyumba inavyonukia, mpaka mtoto alipokuja mbio kutoka nje, akateleza kutoka mlangoni hadi kwenye stendi ya tivii. Hakuumia, alitaka kurudia.

Ndoo ya taka na choo. Osha, kausha, puliza, acha wazi. Choo ukishamwaga klorini au dawa ya kung'arisha, usipulizie mchanganyiko wenye siki au ndimu juu yake, klorini na asidi vinatoa gesi inayobana kifua. Kimoja leo, kingine kesho.

Gundi ya stika. Hapa ndipo mafuta haya yanapoonyesha ufundi. Tone moja au mawili kwenye pamba, kandamiza juu ya gundi dakika tatu, futa, osha na sabuni. Kwa kioo, bati na chuma, safi kabisa. Kwa plastiki rudi ukasome kisa cha meza.

Sisimizi na mende. Sisimizi wanafuata njia ya harufu waliyoachiana, ukifuta ile njia na mchanganyiko wetu wanapotea kwa muda, lakini kama sukari ipo wazi kesho watachora nyingine. Mende ukimpulizia mwenyewe mwilini anaweza kufa, ila hakuna atakayehama nyumba kwa ajili ya harufu.

Mbu. Hapana. Haya yanaruka upesi mno, na mkoa wetu malaria haichezi. Chandarua kibaki kitandani.

## Hatua ya 6: Kunukisha chumba bila kuchoma nyumba

Kama uliwahi kukua na kibatari au mshumaa unaujua mchezo huu, unabinya ganda la chungwa karibu na moto, vicheche vinalipuka *tsss*. Vile vicheche ndiyo mafuta haya haya. Mvuke wake unaweza kudaka moto kuanzia nyuzi joto 48 hivi, na juu ya jiko la mkaa kuna joto zaidi ya hapo mara nyingi.

Kwa hiyo usidondoshe kwenye mkaa, usidondoshe kwenye mshumaa unaowaka, na usiweke sufuria ya maji yenye matone juu ya gesi ukaenda kuongea na jirani.

Njia ninayotumia: bakuli la udongo, maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, matone matatu mpaka matano, weka juu ambapo mtoto hafiki, dirisha wazi kidogo. Nusu saa inatosha. Au matone mawili kwenye pamba ndani ya kikombe cha kioo kwenye kabati la viatu.

Wenye pumu, mtoto mchanga, au mtu anayepata kichwa kwa harufu, acha kabisa chumbani mwao. Paka naye hawezi kuyahimili, mwili wake hauyavunji kama wetu, akilamba manyoya yaliyodondokewa anaumwa. Kama una paka usipulizie anapolala.

Mtoto akinywa, usimtapishe. Mafuta haya yakirudi juu yanaweza kuingia kwenye mapafu na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mpeleke hospitali hapohapo na kichupa mkononi.

## Hatua ya 7: Kuhifadhi

Kichupa kiwe cha kioo cheusi au cha kahawia, kimefungwa sana, mahali pa giza na baridi. Kile kifuniko chenye mpira wa kunyonyea matone usikiache juu yake, mpira unalegea unakuwa kama bazoka iliyotafunwa. Wangu ulidondokea ndani nikapoteza nusu kichupa.

Ukishafungua hesabu miezi sita. Hewa inayabadilisha, na yakishabadilika ndiyo yanayowasha watu ngozi mpaka vipele, hata mtu aliyekuwa anayatumia bila shida. Ndiyo sababu nasema nunua kidogo. Ya zamani usimwagie sinki, malizia kwenye gundi za stika ukiwa na glavu, na tambara ulilotumia lianike nje likauke, lisikunjwe karibu na jiko.

## Kama baada ya yote bado kunanuka

Anza chini ya mfuniko wa ndoo, kwenye ule mduara wa mpira. Halafu trei ya friji. Halafu ubao wa kukatia, ambao ukiwa na nyufa za kisu usugue kwa chumvi na ndimu, anika, usiguse na mafuta tete kabisa. Halafu lile tambara la kufutia, maana unaweza kuwa unapakaza samaki nyumba nzima kwa mikono yako.

Halafu uliza watu wa nyumbani. Mimi nilisugua wiki nzima, ndimu zikaisha, nikaanza kumshuku hadi panya kafia darini. Kumbe shemeji alikuwa kanunua kilo mbili za dagaa za kupeleka Dar, kaziweka kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati la nguo nyuma ya begi, anasubiri treni.